Banakatala Utatu, lakini habako kikundi kimoya

Juma hii barua karibu zote zilikuwa juu ya Bakristu bale habaamini Utatu (ile fundisho ya Mungu moya mu nafsi tatu: Baba, Mwana na Roho Mutakatifu), njo nimeziweka pamoja. Maswali nimeyafupisha, musikasirike.

Mama moya wa Katuba: Jirani wa kuume eko Shahidi wa Yehova, wa kushoto eko mutu wa Branham, mwenye kufuata muhubiri William Branham. Bote banakatala Utatu. Shi ni dini moya?

Hapana mama, bale bawili beko mbali sana, pengine kila moya eko karibu na weye kuliko na mwenzake. Shahidi anasema Yesu aliumbwa, kiumbe cha kwanza cha Mungu, njo malaika mukubwa Mikaeli mwenyewe, na roho mutakatifu ni nguvu ya Mungu tu. Mutu wa Branham anasema Yesu njo Mungu, hakuna mwingine, Baba na Mwana na Roho ni vyeo vya yule yule moya. Sasa unaona, moya anamushusha Yesu, mwingine anamupandisha mpaka pembeni yake habakie mutu. Ukitaka kubapanga muzuri usiulize kama banaamini Utatu juu bote batasema hapana na mazungumuzo inaisha, uliza hivi: kule Getsemane Yesu alikuwa anaomba nani? Shahidi atakujibu, Mungu, mukubwa wake. Wa Branham atasema ule mwili ulikuwa unaomba Mungu mwenye alikuwa ndani yake. Mumormoni (wa kanisa la Watakatifu wa Siku za Mwisho) naye atasema Baba yake, mwingine kabisa, mwenye mwili wake wa nyama na mifupa. Jibu tatu, vikundi vitatu.

Kijana wa Ruashi: Papa, hizi mafundisho zote shi zilitoka Marekani?

Makanisa ndiyo, mawazo hapana. Branham (1909–1965) alikuwa Mumarekani, na jina Mashahidi wa Yehova lilichaguliwa kulekule mu 1931. Lakini ile ya Yesu kuumbwa, Arius padri wa Alexandria alishaifundisha, njo maaskofu bakakutana Nikea mu 325 na kuikatala. Ile ya Mungu moya mwenye sura tatu banaita ya Sabellius, iko ya zamani kumupita Arius. Na usisahau Michael Servetus, alichomwa moto Geneva mu 1553 juu ya kukatala Utatu, na mule mujini Baprotestanti njo balikuwa banatawala, hapana Bakatoliki.

Papa moya wa komini Kenya, hapa Lubumbashi: Binti yangu ni Mukatoliki, muchumba wake alibatizwa kwa Bamormoni. Paroko anasema ule ubatizo hauhesabike, na kumbe bale nabo banataja Baba na Mwana na Roho Mutakatifu!

Paroko hajatunga, papa. Roma ilijibu ile swali mu 2001: ubatizo wa Bamormoni si halali. Maneno inafanana ndiyo, lakini kwao Baba na Mwana na Roho ni batatu mbalimbali, habako Mungu moya vile Bakatoliki banafundisha, njo Roma ikaona nia iko ingine. Kwa batu ya Branham shida iko kwa maneno yenyewe, banabatiza mu jina la Yesu peke. Lakini usimulazimishe kijana aingie mu maji tena juu ya harusi tu! Askofu anaweza kutoa ruhusa Mukatoliki aolewe na mutu asiyebatizwa, uliza paroko dossier inaanzia wapi, na uliza mapema, mbele ya kupanga sale na kuita bajomba.

Dada moya: Na Bakimbangu?

Hapa liste yangu inakwama. Bale habakatale batatu, banabataja, lakini banafundisha Simon Kimbangu, mwanzilishi wabo, njo Roho Mutakatifu. Mu 1969 balikubaliwa mu Baraza la Makanisa Ulimwenguni, lenye linaomba memba akiri Baba, Mwana na Roho, hata kama mu 2021 balitolewa mule. Mi singebaweka pamoja na Mashahidi hata kidogo, kukatala hesabu ya batatu ni kitu kimoya, kusema wa tatu alizaliwa Nkamba, mugini kwa Kimbangu, ni ingine.

Yaya moya: Basabato je?

Banaamini Utatu. Bamoya kati ya baanzilishi babo, kama James White, balikuwa habautaki, lakini ile ya leo iko mu mafundisho yabo wazi kabisa. Batoe mu liste.