Mzee wa miaka 63 atakimbia na nani kwenye bonanza?

Mkuu, umeuliza kama baba yako wa miaka 63 atapangwa na vijana wa 40. Hapana. Riadha ya wakongwe huanzia miaka 35 na makundi hupishana miaka mitano mitano, kwa hiyo yeye yuko 60 hadi 64. Hata tufe lake ni la kilo 5, si lile la 7.26 la vijana. Waandaaji wenu wasipofuata hilo, wabaneni mapema.

Ila apashe misuli! Mie wa 58 (shikamoo zenu nazipokea) nilijitosa mita 100 kavukavu. Kufika mita ya 60 hivi, paja likakaza kama kamba ya mtumbwi. Kilima cha Isamilo, mtaa wa Mwanza, nikawa nakipanda kwa bodaboda wiki nzima.