Kuwawekea wageni kikomo cha kasi kwenye swichi

Ndugu yangu wa Paje, nimekufahamu: wageni wakianza kupakua filamu, mapokezi hata barua pepe haifunguki. Kwenye swichi (kile kifaa kinachounganisha waya za mtandao), poti, yaani tundu la waya, inayokwenda kwenye ruta ya intaneti usiiguse; weka kikomo kwenye poti ya Wi-Fi ya wageni tu. Hapa wengi huchanganyikiwa: pande za kuingia na kutoka zinatajwa kwa jicho la swichi, kwa hiyo anachopakua mgeni ni kile kinachotoka kwenye poti. Angalia na kipimo. Swichi nyingi huhesabu kwa kilobiti, basi megabiti 10 andika 10000. Ukiandika 10 ni kama umewafungia kabisa. Kisha hifadhi mipangilio, maana umeme ukikatika (na si utakatika tu!) swichi itasahau yote.

Kikomo hicho wageni watagawana wote. Cha kila mmoja huwekwa kwenye ruta. Kamera zikipita poti hiyo hiyo, mwite fundi wa mtandao azitenganishe kwanza.