Mnaoulizia utafiti wa hisia na kufikiri

Tangu tangazo la kutafuta watu wa kujitolea libandikwe hapa Moshi, maswali yenu hayakatiki. Wanatafutwa watu wa miaka 18 na kuendelea, wenye huzuni na wasio nayo, ili ionekane hali ya moyo inavyogusa kufikiri.

*Mimi sina mawazo, namshukuru Mungu. Wananitakia nini? (Mama wa duka, Majengo)*

Mama, wewe ndiye adimu. Mtafiti akiwapima wenye huzuni peke yao na kukuta wanasahau, atajuaje kama ni huzuni, au ni njaa, au ni usingizi? Lazima awalinganishe na watu kama wewe. Neno "mawazo" linatuchanganya, maana kwetu mwenye mawazo ni mwenye dhiki. Hapa wanapima kukumbuka, umakini na kuamua.

*Nitachomwa sindano? (Bodaboda, Kiborloni)*

Tafiti za namna hii kwa kawaida ni maswali na kazi ndogondogo. Kama damu itatolewa, fomu ya ridhaa lazima iseme. Dodoso moja la kupima sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, linalotumika sana, PHQ-9, lina maswali tisa juu ya wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, kukata tamaa. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, kwa hiyo jumla haizidi 27. Kisha huenda ukaoneshwa neno "nyekundu" lililoandikwa kwa wino wa bluu, utaje rangi ya wino. Jaribu nyumbani uone ulimi unavyokimbilia neno! Kipimo hicho kinaitwa Stroop, kwa jina la mwanasaikolojia aliyekichapisha mwaka 1935. Hakuna kufaulu wala kufeli, kwa hiyo usijikaze uonekane hodari. Nenda na moyo ulioamka nao.

*Majirani watasema niko njiani kwenda Mirembe. (Dada, Pasua)*

Usemi huo unaniuma, maana umewafungia wengi ndani na sonona zao. Mirembe ni hospitali ya magonjwa ya akili, iko Dodoma, na watu hutibiwa wakarudi kazini. Ukishiriki, majibu yako yanapaswa kuwekwa kwa namba, jina libaki pembeni, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ila ukisema unataka kujidhuru, mtafiti hapaswi kunyamaza. Atakuunganisha na msaada. Uliza mapema atafanyaje.

*Wanalipa shilingi ngapi? (Kijana, Njoro)*

Nauli, na pengine fidia ya muda wako. Anayekudai wewe ada ya usajili ni tapeli.

*Mwalimu wangu ndiye mtafiti. Nikisaini halafu nikachoka? (Mwanafunzi, Rau)*

Unaondoka, hata katikati ya swali, na hudaiwi sababu. Azimio la Helsinki la mwaka 1964, la madaktari wa dunia juu ya utafiti kwa watu, lilishaliweka hilo, na alama zako za darasani hazipaswi kuguswa. Mwombe akuoneshe kibali cha kamati ya maadili, akisitasita, usisaini.

*Sijui kusoma, mwanangu. Nitasainije? (Mzee, Kibosho)*

Shikamoo, mzee. Fomu yote usomewe polepole, kwa Kiswahili au Kichagga, uulize mpaka uridhike, ndipo uweke dole gumba. Awepo shahidi asiye mtu wa utafiti, naye asaini. Njoo na mjukuu aliyetimiza miaka 18, au jirani unayemwamini.