Sitka, Icy Strait Point au Haines: jibu kwa anayesafiri na mzazi mtu mzima

Dada uliyeuliza, umeeleza kwamba mama yako anakuja kutoka Mombasa kiangazi hiki, kwamba magoti yake yanamsumbua, na kwamba watoto wako wawili, wa miaka 8 na 11, wanataka kuona wanyama. Umebakiwa na ratiba tatu za meli za kitalii za usiku saba kwenda Alaska, zote zikipita Juneau na Ketchikan, ila moja inasimama Sitka, ya pili Icy Strait Point, na ya tatu, inayoanzia Vancouver, inasimama Haines. Nimekwenda mara tatu nikitokea huku kusini ya Seattle ninakoishi: mara ya kwanza na mwenzangu, mara ya pili na mama mzazi alipotutembelea kutoka Pangani, na mara ya tatu na watoto. Bandari zote tatu nimezikanyaga, kwa hiyo nitakujibu kwa niliyoyaona, na mapema nikuambie kwamba kwa hali yako ningechagua Sitka, ingawa bandari niipendayo mimi mwenyewe ni Haines.

Kosa nililofanya mara ya kwanza ni kuchagua kwa picha. Picha za bandari hizi hufanana: mlima wenye theluji, maji ya kijani, tai juu ya mti. Kinachozitofautisha ni mambo mawili ambayo matangazo huyapitia haraka, nayo ni saa ambazo meli inakaa, na mahali hasa inapofunga. Bandari nzuri uliyopewa saa nne ni sawa na bure, maana nusu saa ya kwanza inaishia kwenye foleni ya kushuka na saa nzima ya mwisho inaishia kwenye wasiwasi wa kurudi. Ukiwa na mzazi mwenye magoti mabaya, uliza pia kama meli itafunga gatini au itatia nanga nje na kuwashusha abiria kwa boti ndogo, kwa sababu kuingia na kutoka kwenye boti inayopanda na kushuka si jambo la kumfanyia mtu mzima kwa mshangao.

Sitka iko upande wa magharibi wa kisiwa cha Baranof, ikitazama bahari kuu. Meli kubwa nyingi hazifungi mjini bali kwenye gati la Halibut Point, kama kilomita 9 kutoka katikati ya mji, na mabasi ya bure huwapeleka watu hadi ukumbi wa Harrigan. Mama yangu alipanda basi bila shida, akashuka, na kuanzia hapo karibu kila kitu kilikuwa tambarare. Mji una watu wapatao 8,500, na historia yake ni nzito kuliko ukubwa wake: ulikuwa makao makuu ya Warusi walipoitawala Alaska, na ni hapa, tarehe 18 Oktoba 1867, bendera ya Urusi iliposhushwa na ya Marekani kupandishwa, baada ya nchi yote hiyo kuuzwa kwa dola milioni 7.2. Kanisa la Kiorthodoksi la Mtakatifu Michael bado limesimama katikati ya barabara, ingawa unaloliona ni jengo lililojengwa upya baada ya lile la mwanzo kuungua mwaka 1966. Wenyeji wa Kitlingit, ambao walipigana na Warusi mwaka 1804 mahali palipo sasa hifadhi ya taifa, bado wapo na bado wanasimulia wenyewe vita ile.

Hifadhi hiyo ndiyo sababu kubwa ya pendekezo langu. Ni mwendo mfupi kutoka mjini kwa njia ya pwani, na ndani yake kuna njia laini inayopita chini ya miti mirefu, nguzo za totemu, yaani nguzo za mbao zilizochongwa sanamu, zikichomoza kati ya miti upande huu na ule. Tulikwenda mwishoni mwa Agosti, wakati samoni wanarudi mto Indian kuzaa na kufa. Tulisimama darajani na mama kwa muda ambao watoto wa watu wengine walishakuja na kuondoka mara kadhaa. Maji hayakuzidi magoti, na samaki walikuwa wamebanana kiasi kwamba migongo yao ilikuwa nje. Wengine ngozi imeshaanza kuoza na kugeuka nyeupe wangali hai, wakipiga mkia mara tatu, wakisukumwa nyuma na maji, wakipiga tena. Harufu ilikuwa ile ile ya ufukweni jioni samaki waliobaki wakishaharibika. Mama, ambaye baba yake alikuwa mvuvi, aliuliza mara mbili kwa nini hakuna anayewavua, na nilipomweleza kwamba pale ni hifadhi na kwamba wamekuja kufa kwa hiari yao, alinyamaza, akavuta kanga yake juu ya koti la mvua, akasema tusubiri kidogo amwone yule mmoja kama atapita jiwe. Alipita.

Kwa watoto, Sitka ina kituo kinachotibu tai na bundi waliojeruhiwa, ambapo huwaona ndege hao kwa karibu sana, na pia kituo kinacholea dubu walioachwa yatima. Si dubu wa mwituni, lakini ni dubu kweli, na unawaona kwa hakika.

Ubaya wa Sitka ni njia ya kuifikia. Kwa kuwa inatazama bahari kuu, meli hutoka kwenye mikondo iliyokingwa na visiwa na kupita nje, na usiku huo unaweza kuyumba. Mpe mama dawa ya kichefuchefu cha bahari kabla ya kulala, si baada ya kuanza kujisikia vibaya, na chagua chumba cha ghorofa ya chini katikati ya meli.

Icy Strait Point ni jambo jingine kabisa. Huu si mji, ni kiwanda cha zamani cha kusindika samoni wa makopo, kilichojengwa mwaka 1912 kwenye kisiwa cha Chichagof, ambacho shirika la Huna Totem, linalomilikiwa na Watlingit wenyewe, lilikigeuza kuwa bandari ya kitalii mwaka 2004. Jambo hilo mimi nalipenda, kwani pesa unayoitumia pale inabaki kwa wenye nchi kuliko ilivyo kwenye maduka ya vito ya bandari kubwa. Mji wenyewe, Hoonah, uko kama kilomita mbili na nusu kwa miguu, una watu wasiofika 1,000, na wazee wao wana asili ya ghuba ya Glacier Bay, walikofukuzwa na barafuto, yaani mto wa barafu, iliyosonga mbele katika karne ya 18.

Watu huenda pale kwa ajili ya nyangumi. Karibu na hapo kuna rasi ya Point Adolphus ambako nyangumi wenye nundu, waliokuja kutoka Hawaii, hula kiangazi kizima. Tulikwenda na watoto kwa boti ndogo, na nyangumi mmoja akaibuka upande uliotoka upepo. Kwanza ilikuja sauti, kama tairi la lori linalotolewa upepo, kisha ukungu wa pumzi yake ukatufikia usoni, na binti yangu akaziba pua akilalamika kwamba ananuka kama ng'onda. Alisema kweli tupu. Hakuna picha inayokupa hilo. Lakini safari hiyo ya boti inalipiwa kando na si rahisi, na ukiwa na watu wanne lazima uipigie hesabu pamoja na nauli ya meli. Bila boti, kinachobaki ni makumbusho madogo ya kiwanda, ufukwe wa mawe, vibanda vinavyopanda mlimani kwa waya, na ile kamba ya kuteleza kutoka mlimani hadi pwani, yenye urefu wa zaidi ya kilomita moja na nusu, ambayo mama hataipanda na ambayo mtoto wa miaka 8 anaweza kukataliwa kwa uzito wake. Mvua ikinyesha siku nzima, kama ilivyotukuta mara ya kwanza, mahali pa kujisitiri ni pachache na wote mnajibana humo.

Haines naipenda kwa sababu haimbembelezi mtalii. Gati liko karibu na mji, unashuka na kutembea, mbele yako kuna nyumba nyeupe za ngome ya kijeshi ya Fort Seward iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 20, na kuna makumbusho ya nyundo, ndiyo, nyundo tupu, ambayo yalinifurahisha kuliko nilivyotarajia. Kwa njia ya bahari Skagway iko kilomita 24 tu, ila kwa gari ni zaidi ya kilomita 500, kwa kuwa barabara inazunguka kupitia Kanada. Jihadhari na picha za tai mamia kwa mamia juu ya mto Chilkat: hao hukusanyika kuanzia Oktoba hadi Februari, meli zikiwa zimeshaondoka. Dubu wa kahawia kwenye mto Chilkoot ndio wanaopatikana kuanzia mwisho wa Agosti, samaki wanapopanda. Tatizo kwako ni kwamba mama akichoka, hakuna mengi ya kumketisha nayo.

Wrangell na Petersburg, ulizozitaja mwishoni, ni bandari za meli ndogo zaidi na nauli yake ni ya ngazi nyingine, kwa hiyo siziingizi hapa.

Nikuonye kuhusu saa, maana nilinusurika. Alaska iko nyuma ya Seattle kwa saa moja, na meli nyingine hubakia kwenye saa ya Seattle hata ikiwa bandarini. Meli yetu ilifanya hivyo, na mwisho wa kupanda ulikuwa saa tisa na nusu alasiri. Simu yangu ilijibadilisha yenyewe bila kuniuliza, nikawa natembea Sitka nikiamini ni saa nane na dakika kumi. Mama alikuwa amekataa katakata kuigusa saa yake ya mkono tangu tulipopanda Seattle, akisema saa ya marehemu mumewe haichezewi, na ndiye aliyeniambia, tukiwa bado kwenye duka la vitabu, kwamba saa tisa imeshapita. Tulikimbia, yaani mimi nilikimbia na yeye alitembea, hadi kwenye foleni ya mabasi, tukafika gatini zikiwa zimebaki dakika chache.

Jambo la mwisho ni viza, na hili lishughulikie kabla ya kulipa chochote. Ratiba za Seattle husimama Victoria, Kanada, mara nyingi jioni na kwa saa chache, kwa sababu sheria ya Marekani ya mwaka 1886 hairuhusu meli iliyosajiliwa nje kubeba abiria kutoka bandari ya Marekani na kuwarudisha bila kugusa nchi nyingine. Kwa mama mwenye pasipoti ya Kenya, maana yake ni viza ya Kanada hata kama hatashuka, na viza ya Marekani inayoruhusu kuingia zaidi ya mara moja, kwani kurudi Seattle kutahesabiwa kuwa ni kuingia upya. Ratiba ya Haines inayoanzia Vancouver inataka hizo hizo. Maombi ya Kanada huchukua wiki nyingi, kwa hiyo yaanze sasa akiwa bado Mombasa.

Kama tarehe hazijafungwa, chukua wiki ya mwisho ya Agosti kabla shule hazijafunguliwa: mvua itakuwa nyingi kuliko Juni, lakini samoni watakuwa mtoni. Na pale darajani mchukulie mama kiti cha kukunja.