Usimwachishe mama metformini

Dada wa Kadutu, hapa Bukavu, umeuliza kama mama yako mwenye kisukari cha aina ya pili aache metformini, dawa yake ya kushusha sukari, anywe vidonge vya "uvimbe wa ndani" alivyouziwa sokoni, kwa kuwa muuzaji kasema wataalamu wamegundua kisukari hutokana na uvimbe. Asiache, tafadhali.

Utafiti upo kweli. Mwaka 1993 mtafiti Gökhan Hotamisligil na wenzake kule Boston walionyesha kwamba mafuta ya panya wanene hutoa kemikali ya uvimbe, TNF-alfa, na walipoizuia, insulini, homoni inayoshusha sukari, ikafanya kazi vizuri zaidi. Ni uvimbe wa chini kwa chini, hauumi wala hauonekani. Lakini kwa watu wenye kisukari, dawa za kuzuia kemikali hiyo hiyo hazikuleta nafuu kama ile.

Kinachonitia hofu ni pakiti yenyewe. Soma jina. Ikiwa ni deksametazoni au prednisoloni, hupunguza uvimbe, ndiyo, ila hupandisha sukari, wakati mwingine siku ile ile. Diklofenaki, dawa ya maumivu, nayo huweza kudhuru figo, na za mgonjwa wa kisukari tayari ziko hatarini. Kama ameshatumia deksametazoni au prednisoloni wiki kadhaa, asiikatishe ghafla bila muganga wa hospitali kujua. Kesho asubuhi, kabla hajala, mpeleke apimwe sukari, na pakiti uibebe.

Sombe (majani ya muhogo) na sambaza (samaki wadogo wa ziwani) aendelee nazo. Bugali apunguze, soda aache kabisa. Kupanda ile milima ya Kadutu kwa miguu kunamsaidia pia, mradi nyayo hazina kidonda. Zikague kila jioni.