Re: Mama ana sukari, mbona anatumwa kwa kaunsela?

Pole sana dada. Umeuliza kama ni daktari ameishiwa na dawa ama wanaona mama ni wazimu, hapana, si hivyo. Sukari haina likizo, ni kujidunga, kupima, kwenda matanga na kuangalia wenzako wakikula wewe umekatazwa, mpaka mtu anachoka anaacha dawa tu, na wenye sukari hupatwa na depresheni karibu mara mbili ya watu wengine.

Kaunsela mzuri hatamhubiria (ile ya "jikaze mama" haisaidiangi mtu). Kuna tiba ya kuongea inaitwa CBT, Aaron Beck aliianzisha Marekani miaka ya 1960, mnachukua wazo kama "hata nikimeza dawa mguu utakatwa tu" mnaliangalia kama ni kweli, alafu anapewa kitu kidogo cha kujaribu wiki hiyo. WHO (shirika la afya duniani) nao wako na yao ya vikao 5, Problem Management Plus, na anayeifanya si lazima awe daktari. Lakini insulini asiache, hii ya kaunsela haiji kuchukua nafasi yake.

Kwa vile mko Kisumu, ulizeni pale Russia (hospitali ya Jaramogi) kwa kliniki ya sukari, na muombe mtu anaongea Kijaluo kama mama hafunguki kwa Kiswahili, manake hapo ndio wengi hukaa kimya alafu wanaambiwa wako sawa. Akianza kusema heri afe, msingoje tarehe ya kliniki, mpelekeni siku hiyo hiyo.