Mzee wa mawese alitaka kuaga kwanza

Swali lenu la wiki linauliza: "Je, kumzuia mtu asikutumie tena barua pepe ni kukosa adabu?" Nimelisoma dukani nikisubiri umeme urudi, nikacheka peke yangu, halafu kicheko kikakatika katikati. Mimi ni mama mwenye steshenari hapa Mwanga, Kigoma. Natoa fotokopi, napiga picha za paspoti, nawajazia vijana maombi ya ajira na ya mikopo ya chuo, na nafungua imeili za watu ambao hawana muda au macho ya kuzifungua wenyewe. Nywila za watu zaidi ya 30 ziko kwenye daftari langu la kaunta. Najua haifai, msinihubirie. Lakini ndiyo maana swali lenu limenijia kwa mlango wa nyuma. Linalonisumbua mimi ni nani mwenye haki ya kuzuia kwenye boksi la mwenzake.

Msimamo wangu nautoa mapema: zuia, wala usione haya. Barua pepe si mgeni aliyekuja jioni na kuku mkononi. Nyingi zinatumwa na kompyuta kwa maelfu ya watu kwa mpigo, na hakuna mtu anayekaa barazani akingoja jibu lako. Kwa wenye Gmail, ambao ndio wengi wa wateja wangu, kazi yenyewe ni ya sekunde tano: fungua barua, bonyeza vile vitone vitatu juu upande wa kulia, chagua kumzuia mtumaji. Kuanzia hapo barua zake zinaangukia kwenye taka, zinakaa humo siku 30, zinafutika zenyewe. Sheria nayo iko upande wako. Ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakupa haki ya kukataa taarifa zako zisitumike kwa matangazo ya biashara, na ile ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kifungu kizima juu ya jumbe zisizoombwa. Kwa hiyo haya ya nini?

Sasa kuna mzee mmoja wa Mwandiga.

Ana shamba la michikichi alilorithi kwa baba yake, na alikuwa akija kwangu kila Jumatatu. Imeili alifunguliwa na mwanawe anayefanya kazi Dodoma, kipindi kile baada ya 2018, Serikali ilipolivalia njuga zao la michikichi na kila mtu hapa Kigoma akawa anaizungumzia mbegu ya Tenera kama mkwe mpya. Huyo kijana akamwandikisha baba yake kwenye tovuti ya kampuni moja ya nje inayouza mashine za kukamulia mafuta, ili aone bei. Bei aliiona siku ileile moja. Wauza mashine wao wakaendelea kumtembelea kila wiki.

Barua zilikuja na jina la kike chini, na kapicha ka binti anatabasamu, kavaa helmeti ya kiwandani. Ya kwanza nilipoiona nikamwambia, Mzee, hili tangazo, tulifute. Akavua kofia yake, akaiweka juu ya mashine ya fotokopi.

"Mtu kakuandikia kwa jina lako, mama. Kaanza na salamu. Unamfutaje?"

Nikamweleza kwamba jina linajazwa na kompyuta. Akasema hata karani wa stesheni zamani alikuwa akijaza majina kwenye fomu, na ukiitwa ulikuwa unaitika.

Basi tukajibu. Yeye anasema, mimi napiga chapa. "Kwako binti yangu. Salamu nyingi sana. Natumai u mzima wa afya njema. Ukitaka kujua hali yangu, mimi sijambo, isipokuwa mguu wa kushoto. Dhumuni la barua hii ni kukujulisha kwamba mashine sijaikataa, mfuko ndio haujaruhusu. Mawese mwaka huu yapo, ila bei ya dumu haisemeki. Wasalimie wote hapo kazini." Nikaigeuza kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne. Ule mguu wa kushoto sikupata pa kuuweka, ukaishia chini kabisa baada ya jina lake. Nikamchaji shilingi elfu moja.

Hajamaliza kukunja noti zake, jibu likaingia: asante kwa kuwasiliana nasi, ujumbe wako ni muhimu kwetu. Lile ni jibu la mashine, hata ungetuma herufi moja ungelipata. Mzee akapiga paja. "Umeona? Kajibu!"

Wanaojua mambo haya watabashiri kilichofuata. Ukimjibu anayetuma taka, au ukabofya kiungo chake, umemthibitishia kwamba anwani hiyo ina mtu, na anwani yenye mtu ina thamani kwao. Sisemi ni yule binti wa mashine aliyeitoa, maana Mzee kwa adabu yake alikuwa anajibu kila aliyebisha. Lakini ndani ya miezi michache tukawa na wauza matairi, wauza matrekta, wauza magunia, na mjane mmoja mwenye dhahabu nyingi kuliko akili. Wakaja na wa dawa za nguvu za kiume. Hiyo nilishindwa kuisoma kwa sauti mbele ya mtu wa umri wa baba yangu. Nikasema ni dawa. "Ya nini?" Nikasema ya mgongo. "Waulize bei."

Nilimsomea Jumatatu moja kwamba tangazo la kwanza la namna hii lilitumwa Marekani mwezi Mei 1978, na muuza kompyuta mmoja, kwa watu kama 400, na wengi wao wakakasirika. Nilidhani litamfungua macho. Akauliza kama kuna aliyemjibu yule bwana.

Na niseme ukweli: kila jibu lilikuwa elfu moja yangu. Kuna Jumatatu alijibu wanne.

Kilichonibadilisha ni mwaliko. Katikati ya msitu ule wa matairi nikakuta amealikwa kwenye mafunzo ya wakulima wa michikichi, nauli na chakula juu yao, na tarehe imepita siku nne. Hakuuona, wala mimi sikuuona, na mimi ndiye niliyekuwa nalipwa kuona. Jioni ile nikashusha mlango nusu, nikaingia kwenye imeili yake na ile nywila ya kwenye daftari, nikazuia anwani 17. Sikumpigia simu. Binti wa mashine nilianza naye. Nikarudi nyumbani moyo mweupe.

Jumatatu iliyofuata boksi lilikuwa tupu isipokuwa barua ya mwanawe. "Binti wa mashine je?" Hajaandika, Mzee. Jumatatu ya pili, hivyohivyo. Ya tatu alikuja na mvua, suruali kaikunja hadi karibu na magoti, na hakuwa na shida nyingine mjini, alikuja kwa hilo tu. Akakaa kwenye kiti cha kupigia picha, mbele ya kile kitambaa cha bluu.

"Barua ya mwisho nilimwomba apunguze bei," akasema. "Nadhani nilimvunjia heshima. Au anaumwa."

Uongo nilikuwa nao tayari mdomoni, kwamba huko kwao ni sikukuu. Sijui kwa nini haukutoka. Labda ni namna alivyokaa, mgongo umenyooka, mikono magotini, kama anasubiri nimpige picha. Nikamweleza yote, na vile vitone vitatu nikamwonyesha.

Hakupandisha sauti. Aliniuliza maswali mawili. La kwanza: "Yeye anajua?" Nikasema hapana, aliyezuiwa haambiwi kitu. Hapo ndipo uso ulipombadilika. "Kwa hiyo anaandika, mimi kimya, na hajui kama nimekasirika au nimekufa." La pili: "Ungeniuliza, ulijua nitakataa?" Nikasema ndiyo, Mzee. Akasema, "Na kweli ningekataa."

Tukakaa. Mvua ikawa inapiga bati mpaka hatusikilizani. Ilipopungua akasema nimfungulie yule binti, amuage. Kumbe kuzuia kunatenguka, unaingia kwenye mipangilio, unamtoa kwenye orodha. Akaniandikisha: "Binti yangu. Barua zako nimezipata zote. Mashine nitanunua Mungu akijalia, na siku hiyo nitakutafuta mimi. Kwa sasa usiniandikie. Si ugomvi." Safari hii niliigeuza kwa uangalifu, hata kamusi niliifungua. Tukatuma. Tukasubiri. Likaja: asante kwa kuwasiliana nasi, ujumbe wako ni muhimu kwetu. Nikamsomea neno kwa neno. Akaitikia kwa kichwa, akavuta kiti, akashika kipanya mwenyewe. Kikamkimbia mara mbili. Ya tatu akakipata kile kitone, akamzuia kwa kidole chake.

Nikamuuliza na wale 16 tuwafungulie? "Waache hukohuko. Wale hawakuwa na salamu."

Hela ya siku ile sikuchukua.

Nilipoanza kuandika nilitaka kuwaambia kwamba swali lenu ni la watu wenye nafasi, wasio na boksi lililojaa. Sasa sina uhakika. Hukumu yangu, mkitaka kuichapa, ni kwamba ndiyo, kuzuia kimyakimya ni kukosa adabu kidogo, hata kama upande wa pili ni kompyuta. Najua juu kule nimeandika usione haya. Siyafuti. Nasema tu kwamba kampuni ya kweli huweka chini ya barua zake kiungo cha kujiondoa, na kukibofya ndiyo kuaga kwenyewe: umesema basi, nao wamesikia. Ila kiungo hichohicho kwenye barua ya tapeli ni mtego, hapo usibofye, ripoti taka uondoke. Na usidhani ukizuia umemaliza, maana unazuia anwani moja, na mwenye nia mbaya anabadilisha herufi moja anarudi kesho.

Ndugu ni kesi nyingine kabisa. Nina shemeji anayenitumia zile barua za "watumie watu 20 upate baraka" tangu sijui lini. Nazifuta moja moja kwa mkono. Kumbloku siwezi, tutaonana msibani.

Daftari la nywila bado liko kaunta. Ila siku hizi sizuii mtu kwenye boksi la mteja mpaka mwenyewe awe amekaa pale, na huwa namuuliza kama kuna wa kuaga. Vijana wananicheka. Mama mmoja anayeuza dagaa Kibirizi alifikiri kidogo, akanitajia mmoja.

Isipokuwa wale wa "ile hela itume kwenye namba hii" na ndugu zao wa kwenye imeili wanaojifanya benki. Hao sitaki kusikia habari ya adabu. Namba ya simu ya tapeli inapelekwa 15040, ile namba ya kuripoti utapeli wa simu, barua inaripotiwa, na ukimuaga mtu kama huyo dukani kwangu nitakuchaji mara mbili.